Kanzu ya Jioni ya Tatu

Jumapili, 2 Februari

Nimepata nafasi ya kwenda Misri. Sikuitafuta. Ilikuwa ya Susu, mama yake Mama. Susu ameimba katika kwaya ya kanisa letu la Woodley kwa miaka thelathini na sita, na alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwa Ziara ya Nyayo za Musa: siku saba, tatu kati ya hizo ndani ya meli kwenye Mto Naili. Sasa magoti yamekataa. Daktari amesema ngazi za meli hapana. Siku mbili Susu aliilaumu miguu yake. Siku ya tatu akasema nafasi yake niichukue mimi, kwa kuwa nimemaliza shule na sina kazi ila kukaa chumbani nikisoma maandishi ya pakiti za maziwa.

Ana sharti moja. Anataka picha. Picha yangu nikiwa kwenye chakula cha jioni melini, nimevaa vizuri, uso wote unaonekana, na mtu yeyote asiwe mbele yangu. Amesema ana picha zangu kumi na nne. Katika kumi na tatu niko nyuma ya mtu. Katika ya kumi na nne, ile ya kumaliza kidato cha nne, mimi ni sikio.

Fremu ameshainunua, pale Adams Arcade. Ameshaitundika sebuleni kati ya marehemu Babu na kalenda. Tupu. Nikinywa chai inaniangalia.

Swali ni hili: mtu huvaa nini kwenye chakula cha jioni ndani ya meli ya mtoni? Baada ya ibada wasafiri wote ishirini na mmoja walilijadili. Wazee wa kanisa walisema suti. Kina mama walisema kitenge cha sare. Mama yangu, ambaye hata hasafiri, alisikia kwamba chakula kitaliwa kwenye deki ya juu. Akasema kama ni mahali panapopigwa deki, basi nibebe viatu vya raba, maana kwa maji na sabuni watu watavunjika nyonga. Hakuna aliyecheka. Wawili waliandika.

Katibu wa ziara ni Mzee Ephantus, mwalimu mstaafu. Alituambia tutulie. Ratiba imekuja kwa Kiingereza na yeye anaitafsiri mwenyewe, ili kila mzee aisome bila kuomba msaada kwa mjukuu. Akavaa miwani, akasoma: "Jioni ya tatu: karamu. Wageni wote huvaa kanzu."

Watu wakapumua. Kumbe ni hilo tu. Kanisa lina kabati zima la kanzu za kwaya, rangi ya damu ya mzee, kola nyeupe na msalaba mdogo kifuani, zimepigwa pasi tangu Krismasi.

Mimi pia nilifurahi. Watu ishirini na mmoja, rangi moja. Nani ataniona?

Kisha nikakumbuka fremu.

Jumanne, 4 Februari

Nilienda saiba ya Adams Arcade, kwenye kompyuta za kukodi, kuchapisha fomu ya bima. Barua pepe ya fomu ilikuwa na ratiba yenyewe pia, ile ya Kiingereza. Jioni ya tatu ina neno "galabeya". Nikalitafuta. Zikaja picha mia.

Galabeya ni vazi refu la Wamisri. Ziko za buluu, za kijani, za njano, na nakshi za dhahabu kifuani. Watalii huzivaa jioni hiyo kwa kujifurahisha, wanakula, wanacheza ngoma. Ni kanzu kweli, kama zile za watu wa Pwani. Kamusi ya Mzee Ephantus haikukosea. Mzee Ephantus mwenyewe hakukosea. Ni sisi tu. Kanzu pekee tunayoijua ina kola nyeupe na huvaliwa saa nne asubuhi.

Basi mimi ninajua jambo ambalo watu ishirini hawalijui. Sijawahi kuwa katika hali hii. Ni mbaya.

Nitamwambia Mzee Ephantus. Nimeandaa maneno: "Mzee, samahani, kanzu iliyotajwa ni ya Kimisri." Maneno saba. Nimeyasema mbele ya kioo mara ishirini. Kioo kimeelewa.

Jumatano, 5 Februari

Nilimkuta vestrini, chumba cha mavazi kanisani, akihesabu kanzu. Nikasema Mzee. Nikasema samahani. Akasema asante kwa kuja mapema, kwani kanzu zinaisha. Akauliza kama matokeo yangu ya mtihani yalikuwa mazuri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Susu anaendelea vyema. Nikasema ndiyo. Akauliza kama sitajali kuvaa ile ya marehemu Mbaluka, maana ndiyo pekee iliyobaki. Nikasema ndiyo.

Marehemu Mbaluka aliimba besi. Alikuwa akiinama kuingia mlangoni.

Bintiye Mzee Ephantus alikuwepo, Becky, ambaye nilimaliza naye shule mwaka mmoja. Naye anasafiri. Becky hajawahi kuwa nyuma ya mtu katika picha yoyote. Kanzu yake ameshaipunguza kiunoni hata inakaa kama ya harusi. Alinitazama nikiijaribu yangu.

"Wee Kavi," akasema, "umevaa kanzu ama umehamia?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, humo ndani ya kanzu, ambamo hakuna aliyenisikia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepata njia. Kama siwezi kusema, naweza kuandika. Mlangoni mwa kanisa kuna sanduku la maoni. Kwa kawaida watu huandika kuhusu spika na choo. Leo, wakati kina mama wanapanga maua, nilipita kama mtu anayetafuta mwavuli na kutumbukiza karatasi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane:

WASAFIRI WATAAIBIKA WAKIVAA KANZU ZA KWAYA KWENYE MELI. TAFADHALI FIKIRIENI.

Nilitaka kuongeza habari za Wamisri, lakini nilisikia hatua za mtu, na karatasi yenyewe ilikuwa risiti ya mkate. Hata hivyo iko wazi. Mtu akiisoma atafikiri, akifikiri atatafuta, akitafuta ataona picha mia. Na mimi nitakuwa sijasema neno.

Nimelala mchana kwa amani.

Jumapili, 9 Februari

Mzee Ephantus aliisoma mbele ya kanisa zima. Akaisoma mara ya pili polepole, kama imla. Akasema aliyeandika ni mtu mwenye hekima na tusimtafute.

Nikaanza kutabasamu.

Akasema ni kweli kabisa. Watu ishirini na mmoja wamevaa kanzu za kwaya, na kati yao wanaojua kuimba ni wanne. Wageni wakiomba wimbo mmoja tu, si itakuwa aibu? Kwa hivyo wasafiri wote sasa ni kwaya. Mazoezi ni kila siku saa kumi jioni.

Watu wakapiga makofi. Mimi nimewekwa sauti ya pili.

Susu amefurahi sana. Anasema damu imerudi mahali pake.

Jumanne, 11 Februari

Mazoezi. Mwalimu wa kwaya hasafiri, kwa hivyo hakuna wa kutuongoza. Mzee Ephantus alisema tutaanza kwa kuangaliana. Tukaangaliana. Soprano wakaanza. Besi wakaanza walipomaliza kukohoa. Sauti ya pili tulikuwa watatu, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa adabu, na wimbo ukaisha bila sisi.

Mara ya pili hali ilikuwa hivyo hivyo, ila besi walitangulia.

Becky akasema tunaimba kama watu wanaoteremka ngazi gizani. Babake akamwambia anyamaze.

Naona jinsi itakavyokuwa. Wageni wamevaa nakshi za dhahabu. Sisi tumevaa damu ya mzee. Mtu anapiga picha. Hiyo ndiyo picha ambayo Susu ataitundika, na kila anayekuja kwetu kunywa chai atauliza, na Susu ataeleza, na mimi nitakuwa humo ukutani hadi nizeeke, uso wote unaonekana.

Sitakubali. Kuna mpango wa pili.

Jumatano, 12 Februari

Mpango wa pili: nitanunua kanzu ya kweli kwa siri. Nitaivaa ndani ya ile ya Mbaluka, ambamo kuna nafasi ya kanzu nyingine na meza. Nitaingia chumba cha kulia pamoja na wenzangu. Nikiona wageni wamevaa galabeya, nitateleza hadi msalani, nitavua ya juu, nitatoka nikiwa nimevaa sawa na kila mtu, nitakaa kati ya watalii. Mhudumu atanipiga picha moja. Uso wote. Hakuna mtu mbele. Kisha nitarudi msalani na kuwa damu ya mzee tena. Susu atapata picha nzuri, Mzee Ephantus hatajua, na mimi nitakuwa nimeonekana kwa dakika tatu na watu wasionijua.

Nilishuka mjini hadi Biashara Street. Mwenye duka alikuwa mzee mpole wa Lamu. Akauliza, "Kanzu ya nani, mwanangu?" Ningesema yangu, lakini duka lile ni la wanaume na mimi ni msichana. Nikasema ya baba. Akauliza baba ana urefu gani. Baba yuko Makindu na ni mfupi kuliko Mama, lakini nilipotafuta wa kumfananisha naye nilimwona tu askari wa mlangoni. Nikamwonyesha huyo.

Mzee akamwita aijaribu. Askari akaivaa juu ya sare, akajigeuza mbele ya kioo, akauliza kama mgongoni inakaa vizuri. Akasema baba yangu ni mtu mwenye bahati. Kisha akaivua taratibu, kama asiyetaka.

Sasa nina kanzu nyeupe, safi kabisa, ya mtu wa futi sita. Nina kanzu mbili na zote zinanishinda kwa kimo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimezipeleka zote mbili kwa fundi Sifuna, hapa kwetu Kabiria. Ndiye aliyeshona kanzu za kwaya miaka hiyo, na bado anaongea juu ya kola zake kama mtu anayeongea juu ya watoto waliosoma. Kulikuwa na wateja wengine, wote wakinisikiliza. Nikazisukuma mezani, nikamwambia kwa sauti ya chini azipunguze zilingane.

Akauliza, "Zilingane kabisa?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka kwa furaha. Akasema nimwachie kazi mwenyewe.

Jumatatu, 17 Februari

Zimelingana kabisa.

Sifuna alizitandaza mezani, akaniambia nitazame kama mshono wa mpya unatofautiana na wa kuukuu. Alikuwa amezipunguza vizuri sana. Lakini pia alikuwa ameona ile nyeupe haijamalizwa. Haina kola, haina msalaba, akashangaa ni fundi gani wa mjini anayeachia kazi njiani namna hiyo. Kwa bahati alikuwa bado na kitambaa cha damu ya mzee kilichobaki tangu ashone za kwaya. Ameitia kola. Ameitia msalaba kifuani, mkubwa. Ameitia na pindo mikononi. Hataki malipo ya ziada, ni kwa ajili ya Susu.

Nilitaka kusema. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akiungoja uso wangu.

Nikasema ni nzuri. Kwa kweli ni nzuri. Imeshonwa kwa uzi maradufu. Tunaondoka kesho saa tano asubuhi. Nimebeba wembe, nitaifumua njiani.

Jumanne, 18 Februari

Wembe wameuchukua uwanja wa ndege. Afisa mmoja mama, mwenye sura ya mwalimu wa zamu, aliuinua juu akauliza ni wa nani. Akauliza nilitaka kuufanyia nini. Watu wa kanisa letu wote walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikasema kucha.

"Kucha gani hizo?" akauliza, akatazama vidole vyangu. Huwa ninazitafuna.

Becky alinipa tyubu yake ya losheni nimshikie, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko inavyoruhusiwa na alitumaini wasingenikagua mara mbili. Wakaichukua pia. Sasa hanisemeshi.

Susu alinisindikiza hadi lango la nyumbani kwa mkongojo. Hakunipa mausia. Aliniambia tu, "Fremu ni ya upana wa karatasi ya kuandikia, ya kusimama. Si ya kulala." Nikasema nitasimama.

Jumatano, 19 Februari

Tumepanda meli mjini Luksor. Deki ni sakafu ya juu tu, iliyo wazi. Imekauka. Mzee Nzau na mkewe, wale wawili walioandika, wamevaa viatu vya raba hata hivyo.

Nimejaribu kufumua kola kwa meno. Sifuna ni fundi wa kweli.

Jumamosi, 22 Februari, asubuhi

Ya jana niiandike kabla sijaanza kuisahau kwa makusudi.

Saa moja jioni tulikusanyika ngazini, ishirini na mmoja, damu ya mzee. Mimi nilikuwa na joto kwa sababu ya zile mbili. Mzee Ephantus alituombea, akatutangulia. Mlango ukafunguliwa.

Kila kitu kilikuwa kama zile picha mia. Buluu, kijani, njano, dhahabu. Mtalii mmoja mwenye tumbo alikuwa amevaa galabeya ya zambarau na kofia nyekundu, akicheka. Mwanamke aliyekuwa naye aling'aa kama mti wa Krismasi. Kelele zilipungua pole pole hadi zikaisha. Walitutazama. Tuliwatazama.

Mzee Ephantus alisimama. Nilikuwa nyuma yake kabisa, nikamsikia akisema neno moja, taratibu, si kwa mtu yeyote. "Kumbe."

Sijawahi kuona shingo ya mtu ikizeeka hivyo. Tafsiri ile aliifanya kwa siku tatu, usiku. Aliichapisha, akaitia jalada la plastiki. Nilimhurumia hadi nikasahau kwamba nilikuwa na mpango. Kisha nikaukumbuka, kwa sababu wote walikuwa wakimtazama yeye, na huo ndio wakati wa kuteleza. Nikateleza.

Msalani nilivua ya juu. Kioo kilinionyesha msichana aliyevaa nyeupe, kola ya damu ya mzee, msalaba mkubwa kifuani. Nikajifunga mtandio kuuficha msalaba. Nikasema, dakika tatu. Nikafungua mlango.

Ulikuwa mlango mwingine. Msala ule una milango miwili. Wa pili unatokea mbele kabisa ya chumba, palipo na wanamuziki.

Niliyoyakosa nimesimuliwa na Becky baadaye. Mkuu wa wahudumu alikuja kuuliza sisi ni kina nani. Mzee Ephantus alitazama kanzu zetu, akatazama wageni, akasema sisi ni kwaya. Mkuu wa wahudumu akafurahi kupita kiasi. Akawapanga watu wetu mbele, mistari miwili, akawatangazia wageni kwamba kuna zawadi kutoka Kenya. Wageni wakanyamaza. Wetu wakaanza kuangaliana. Wakaangaliana sana. Hakuna aliyeanza.

Hapo ndipo nilipotoka, mtandio ukanaswa na komeo la mlango na kubaki huko.

Watu ishirini wamevaa damu ya mzee, na mmoja amevaa nyeupe yenye kola na msalaba wa rangi hiyo hiyo. Hata mimi ningefikiria hivyo. Mkuu wa wahudumu aliniinamia, akanishika kiwiko kwa heshima, akaniweka katikati, mbele ya kwaya.

Niliinua mikono yote miwili kuwaonyesha kwamba hapana, si mimi.

Kwaya ikaingia.

Iliingia kwa pamoja. Soprano, besi, hata ile sauti ya pili, bila mimi. Nilishtuka, mikono ikashuka. Sauti nazo zikashuka, laini kabisa, kama tulivyoshindwa kufanya siku zote zile. Nikawapungia waache. Wakaongeza kasi. Nikamwambia Becky, aliyekuwa mstari wa mbele na simu mkononi akijirekodi, "Si mimi! Si mimi!" Akatikisa kichwa kukubali, akapandisha sauti. Mzee Ephantus alikuwa akiniangalia kama mtu aliyetupiwa kamba majini, na nikaona kwamba nikiondoka pale atakufa maji. Basi sikuondoka. Nilisimama. Niliendelea kukataa kwa mikono, ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, nao wakaendelea kuimba.

Mwishowe nikafunika uso kwa viganja. Wakanyamaza wote mara moja, kama redio iliyozimwa.

Wageni walisimama. Mtu wa zambarau alilia. Tukaombwa mwingine, na hatukuwa nao, tukaurudia ule ule.

Baadaye, kwenye korido, Mzee Ephantus alinisimamisha. Nilijua sasa ataniuliza juu ya kanzu nyeupe. Hakuuliza. Alisema kuna mtu, hamjui ni nani, aliyetia karatasi katika sanduku la maoni. Bila karatasi ile tusingefanya mazoezi, na bila mazoezi jana angetamani kuruka mtoni. Akasema Mungu ambariki mtu huyo popote alipo.

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 25 Februari

Nimefika nyumbani. Nilikuwa na picha ya mpiga picha wa meli, kubwa, ya kusimama. Iko sawa na sharti. Nimevaa vizuri, niko karamuni, na hakuna mtu mbele yangu. Ni kweli kwamba ilipigwa kutoka upande wa wageni, kwa hivyo ni mgongo wangu na mikono juu, na nyuso ishirini zinanitazama. Lakini sharti ni sharti. Nilimpa Susu haraka, nikaanza kuongea juu ya piramidi.

Susu aliishika mbali, kisha karibu.

"Huyu mwenye mgongo ni nani?"

Nikasema ni mimi.

"Nilisema uso, Kavindu. Zisizo na uso ninazo. Ninazo kumi na nne."

Nikasema hakukuwa na nyingine. Nilikuwa nikisema hivyo wakati mlango ulipobishwa, na alikuwa Becky, na bahasha. Hajawahi kufika kwetu. Alimsalimu Susu kwa kuinama, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu mwenye haya, jambo ambalo sikujua analiweza. Akasema alikuwa akijirekodi kisha akageuza simu, kwa sababu mbele kulikuwa na kitu kizuri zaidi. Akasema, "Ukona siri wewe. Hukusema unajua kuongoza." Picha moja ya video hiyo ameichapisha Adams, kubwa.

Ni uso wangu. Wote. Macho wazi, mikono juu, mdomo umefunguka, taa nyuma yangu na wageni wakitazama. Sikujua ninafanana na Susu. Hakuna aliyewahi kuniambia, maana hakuna aliyewahi kuona vya kutosha.

Susu aliisogeza picha karibu na dirisha. Kisha akauliza hapo naimba wimbo gani.

Nikasema ukweli. Nilikuwa nikisema "si mimi".

Akasema huo haujui, lakini unaonekana ni wimbo mzuri. Akatia picha kwenye fremu mwenyewe. Mama alitaka kumsaidia kushika mkongojo, akakataa.

Ni ajabu kunywa chai ukijiangalia. Nimekunywa vikombe vitatu.

Alhamisi, 27 Februari

Balaa. Jumapili kuna ibada ya shukrani. Wasafiri wataimba mbele ya kanisa zima na mimi niwaongoze. Mzee Ephantus ametuma ujumbe kwa kila mtu. Analofikiria sasa ni moja tu, kwamba mimi ni mfupi na watu wa viti vya nyuma hawataniona vizuri. Anauliza kama kuna anayejua pa kupata kijukwaa.

Mtu mwingine angemwendea na kumwambia wazi kwamba hajui kuongoza kwaya. Nilifikiria hivyo asubuhi yote. Niliandaa hata maneno, sita tu. Lakini nimejifunza jambo katika safari hii: ya kusema huharibika, ya kuandika hufaulu. Mzee Ephantus mwenyewe amekiri.

Kwa hivyo nimeandika tena, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane:

HUYO ANAYEONGOZA KWAYA HAONEKANI KAMA MTU WA KUSIMAMA MBELE. TAFADHALI FANYENI JAMBO KABLA YA JUMAPILI.

Nimeisoma mara tatu. Safari hii haiwezi kueleweka vibaya. Nimeitia sandukuni saa nane, wakati kina mama wanapanga maua, nikitafuta mwavuli.